Ukoka umegeuka kahawia Njombe kipupwe hiki: ning'oe au nisubiri?

*Swali: Habari za kazi. Niko Njombe mjini, mtaa ulio bondeni kidogo. Desemba iliyopita nilipanda ukoka wa Kikuyu mbele ya nyumba, eneo la mita 10 kwa 20. Kufika Aprili ulikuwa umefunga wote, kijani kibichi. Mwishoni mwa Mei ukaanza kupauka. Nikanunua Urea kilo 5 nikaimwaga yote, kijana akaufyeka kwa slesha hadi chini ili uchipue upya, na tangu hapo namwagilia kila jioni. Sasa ni katikati ya Julai na umekuwa kahawia kama uliochomwa moto, isipokuwa chini ya mparachichi na kando ya ukuta. Jirani ananiambia niuchome, utachipua. Fundi wa bustani anasema umekufa, ning'oe nipande ule wa Pemba. Nifanye nini sasa, na mwaka ujao nifanye nini, lini?*

Salama, mama. Usiung'oe, usiuchome, na kijana aweke slesha kando mpaka Novemba. Kwa dalili ulizoeleza, sehemu kubwa ya ukoka wako iko hai. Majani ndiyo yaliyokufa. Marando yake, yale mashina yanayotambaa juu na chini ya udongo, yamelala tu, na hapo ndipo uhai wa ukoka wa Kikuyu ulipo.

Kwenu Njombe, mwaka wa ukoka ni mfupi. Unaanza mvua za Novemba zikishatulia na unaisha Aprili ikielekea Mei, kama miezi mitano na nusu. Ndani ya muda huo majani hukua, hujenga mizizi na kuweka akiba. Nje ya hapo hayakui vya maana, hata uyabembeleze vipi. Kuweka Urea, kufyeka na kumwagilia kwa wingi ni kazi nzuri tu zikifanyika Januari. Wewe umezifanya Mei na Juni, wakati majani yalikuwa yanajifunga kwa ajili ya baridi. Kupauka ulikokuona mwishoni mwa Mei hakukuwa ugonjwa. Ulikuwa ukoka unaaga msimu.

Kwanza hakikisha uko hai

Chukua kisu cha zamani, kata vipande vitano vya ukoka vyenye upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 10. Viwili vitoke mahali palipoharibika kabisa, viwili mahali pa wastani, kimoja chini ya mparachichi ili uwe na cha kulinganishia. Osha udongo, kisha kwaruza rando kwa ukucha. Rando lililo hai ni gumu, na ndani lina rangi ya maziwa na unyevunyevu, karibu kama tangawizi mbichi ukiivunja. Lililokufa ni kahawia hadi katikati, lina uwazi ndani, na ukilivuta linakatika kama kamba kuukuu. Usihukumu kwa jani. Kipupwe jani linaweza kuwa kavu kabisa na chini yake kuna rando lenye afya.

Ukitaka uhakika zaidi, kata vipande vingine namna hiyo hiyo, safari hii usivioshe, uvipande kwenye makopo yaliyotobolewa chini. Yaweke ndani karibu na dirisha linalopata jua, jikoni ni pazuri zaidi kwa sababu usiku pana joto. Mwagilia kidogo kila baada ya siku mbili. Baada ya siku 14 hadi 21 utaona vichipukizi vyenye ncha kali vinatoka kwenye vifundo, yale maungio ya rando. Vikitoka kwenye makopo matatu kati ya matano, acha shamba lote lilivyo. Ukoka wa Kikuyu huziba mapengo ya upana wa nusu mita wenyewe mvua zikija. Ikiwa hakuna kopo hata moja la maeneo mabaya lililochipua, bado huna haja ya kung'oa. Utapandikiza kwenye mapengo mwezi Desemba kwa marando ya chini ya mparachichi.

Ukiwa na kisu mkononi, maliza shaka moja zaidi. Kata pande tatu za mraba wa sentimita 30 kwa 30, kisha uukunjue kama zulia. Ukinyanyuka kirahisi bila mizizi na ukakuta funza weupe waliojikunja nusu duara, hao ndio wanaokula mizizi. Wakifika 8 au zaidi ndani ya mraba huo, ni tatizo la kutafutia dawa. Sidhani utawakuta wengi. Funza hawaachi kijani kinachofuata kivuli cha mti na mstari wa ukuta. Mchoro huo ni wa sakitu.

Kilichotokea usiku

Sakitu, ambayo wengi huko wanaiita barafu, hutokea usiku usio na mawingu wala upepo. Ardhi na majani hupoteza joto kwenda angani, na jani likawa baridi kuliko hewa iliyo juu yake. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinaweza kusoma nyuzi 3 au 4 wakati majani yameshaganda. Hewa baridi ni nzito, hivyo hutiririka kama maji na kutuama mabondeni, na wewe uko bondeni. Mti hufunika sehemu ya anga na kuzuia joto lisipotee, na ukuta hurudisha usiku joto uliloota mchana. Kwa hiyo kijani ulichobaki nacho kinakuonyesha hasa baridi ilipopita na ilipozuiwa.

Maji yaliyo ndani ya jani yakiganda huharibu chembe hai (seli) zake. Jua likitoka, jani linalegea, linakuwa jeusi kidogo, na siku mbili tatu baadaye ni kahawia. Jani gumu, lililokua polepole, huvumilia baridi ya kiasi. Jani laini lililojaa maji haliwezi.

Na hapo ndipo Urea ilipoingia. Kilo 5 kwenye mita za mraba 200 ni mara tano ya kipimo cha mkupuo mmoja. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo uliweka kama gramu 11.5 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba, mahali ambapo gramu 2 hadi 2.5 zinatosha hata Januari. Sehemu zilipoanguka punje nyingi pamoja, chumvi yake ilivuta maji kutoka kwenye mizizi na kuunguza majani. Kwingine ilisukuma machipukizi laini yatoke juma lile lile baridi inaingia. Slesha nayo iliondoa blanketi. Majani ya urefu wa sentimita 5 au 6 hukinga vifundo visipigwe na hewa ya usiku. Ukifyeka mpaka chini, vifundo vinalala uchi.

Maji ya jioni yana sura mbili, na watu wengi huzichanganya. Udongo wenye unyevu hushika joto la mchana kuliko udongo mkavu, kwa hiyo unyevu wenyewe ni kinga. Lakini jani lililoloweshwa saa kumi na mbili jioni linaingia usiku likiwa na maji juu yake na udongo umepozwa, huku mizizi iliyolala hainywi. Ukirudia hivyo kila siku, unapata ukungu na mizizi inayooza. Maji ni yale yale, saa tu ndiyo mbaya.

Kuanzia leo mpaka mwisho wa Oktoba

Kazi ni kidogo. Mwagilia milimita 10 kila baada ya wiki tatu katika Julai na Agosti. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo eneo lako linahitaji lita 2,000 kwa mkupuo, yaani matanki mawili ya lita 1,000. Maji yakiwa ya mgao, toa nusu hiyo. Itatosha kuyaweka marando hai. Fanya kazi hiyo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jani likauke na udongo uote jua kabla ya usiku. Kujua umefikisha milimita 10, tandaza makopo matupu matatu au manne ya nyanya ukiwa unamwagilia kwa mpira. Yakiwa na maji ya kina cha sentimita moja, funga bomba. Septemba, joto likianza kupanda, punguza muda uwe kila baada ya siku 10 hadi 14.

Asubuhi yenye sakitu, hakuna mtu, mbuzi wala mbwa kukanyaga mpaka imeyeyuka yenyewe, kwa kawaida saa tatu au saa nne. Jani lililoganda likikanyagwa huvunjika kama kioo, na wiki moja baadaye nyayo zinaonekana zimechorwa kahawia kuanzia mlangoni hadi getini. Kama watoto wanapita hapo kwenda shule, panga mawe bapa au vipande vya mbao viwe njia. Gari lisiegeshwe juu ya ukoka kabisa miezi hii.

Usiweke mbolea yoyote yenye naitrojeni. Usivute reki kwa nguvu. Yale majani makavu yanayokuudhi macho ndiyo blanketi pekee lililobaki.

Kuhusu kuchoma: moto wa majani makavu yaliyolala juu ya udongo una joto kali pale pale vifundo vilipo. Marando ya juu yatakufa na ya chini tu ndiyo yatapona, na udongo wako utabaki wazi kwa upepo wa Agosti na kwa sakitu zilizobaki. Jirani ameona malisho yakichomwa na kuchipua, lakini nyasi za malisho hukua kwa mashina yaliyosimama na hujengwa tofauti. Isitoshe, Agosti ni kipindi cha ukame na mkoa wenu umejaa paina na milingoti. Moto wa uani usiuguse hata kwa jaribio.

Ushauri wa ughaibuni usikupoteze

Ukitafuta kwenye intaneti namna ya kutunza majani kwenye nchi za baridi zenye kiangazi kifupi, utapata maelekezo mengi mazuri ya Kanada au Finland yanayosema weka mbolea Septemba, toboa udongo Septemba, sia mbegu Septemba. Kwao ni sahihi. Wanapanda nyasi za jamii ya Poa na Festuca, ambazo hupenda hali ya ubaridi, hukua vizuri zaidi kwenye nyuzi 15 hadi 24, na mizizi yake huendelea kufanya kazi wakati majani yamekwisha kutulia. Majira yao ya kukua ni Mei hadi Septemba, kisha theluji inafunika, na theluji ni blanketi.

Ukoka wa Kikuyu ni wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, unapenda jua na mvua, na husimama kukua usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 mfululizo. Baridi yenu inakuja pamoja na ukame, bila blanketi lolote. Na Septemba yao ni mwanzo wa baridi, yenu ni mwanzo wa joto. Kwa hiyo chukua kanuni yao moja tu, kwamba kazi nzito zifanyike wakati majani yana wiki nyingi za kukua mbele yake, kisha utafsiri mwezi: Septemba yao kwako ni kati ya mwisho wa Novemba na Januari.

Mvua zikianza

Usikimbilie mvua ya kwanza. Novemba huweza kunyesha siku mbili kisha jua likawaka wiki mbili. Subiri udongo uwe umelowa hadi sentimita 15. Bisibisi ndefu ikizama yote kwa kusukuma kwa kiganja, umefika. Hapo ndipo unakata majani makavu yote, mara moja, mpaka sentimita 3, kisha unapitisha reki ya chuma kwa nguvu ya wastani, pande mbili, na kuzoa takataka. Shamba litaonekana baya kwa siku kumi. Lisikutishe, ndiyo siku ambazo mwanga unafika kwenye vifundo.

Kwa kuwa ukoka wako una mwaka mmoja, hauna bado lile godoro la marando makavu ambalo majani ya Kikuyu hujitengenezea. Kuanzia mwaka wa tatu, kata kipande kila Novemba na upime kwa rula ile tabaka ya kahawia yenye kubonyea, iliyo kati ya kijani na udongo. Ikizidi sentimita 2, maji na mbolea vinaishia humo na mizizi inakua ndani ya godoro badala ya udongo, na ukoka wa namna hiyo ndio unaopigwa vibaya zaidi na baridi na ukame. Dawa yake ni kukata hadi sentimita 2, kuvuta reki kali mpaka uone udongo hapa na pale, na kuacha mvua za Desemba zifanye kazi. Unahitaji wiki sita nzuri mbele yako, hivyo baada ya katikati ya Januari usiguse.

Mahali palipokanyagwa sana, toboa kwa uma wa bustani, mashimo ya kina cha sentimita 8 hadi 10 yaliyoachana sentimita 12 hivi. Ukichoma uma, utikise mbele na nyuma kidogo kabla ya kuuchomoa. Kisha tandaza udongo wa uani uliochujwa kwenye chekecheke, sehemu mbili, pamoja na mchanga sehemu moja na samadi iliyooza kabisa sehemu moja. Kufunika eneo lote kwa sentimita moja ni mita za ujazo 2, kama toroli 33 za lita 60, gharama isiyo ya lazima. Weka kwenye mabonde na kwenye mapengo tu, na ncha za majani zibaki zikionekana. Samadi mbichi usiilete. Huja na mbegu za magugu utakazopambana nazo miaka miwili.

Mapengo makubwa ya kupandikiza: kata marando yenye vifundo vitatu au vinne, chimba mifereji ya kina cha sentimita 5 iliyoachana sentimita 20 hadi 25, laza rando kila baada ya sentimita 10, fukia na uache ncha yenye majani nje, kisha kanyaga kwa mguu ili udongo ushikane na vifundo. Hewa iliyobaki chini ndiyo inayoua vipando vingi kuliko kukosa mbolea. DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, ni ya hapa, gramu 20 kwa mita ya mraba, ichanganywe na udongo wa mfereji isiguse rando. Mwisho wa kupanda ni katikati ya Februari. Ukichelewa zaidi, kipando kitaingia Juni kikiwa na mizizi mifupi.

Mbolea kwa kipimo

Mwaka huu udongo wako una mabaki ya ile Urea, ingawa sehemu imepotea hewani na kuzama na maji ya jioni. Kwa hiyo mwanzoni mwa Desemba weka Urea nusu kilo tu kwa eneo zima. Katikati ya Januari weka kilo moja, na mwishoni mwa Februari kilo moja. Kisha, kabla ya katikati ya Machi, NPK 17-17-17 kilo 3, na hiyo ndiyo naitrojeni ya mwisho. Ukipata mbolea ya potasiamu ya asilimia 60, weka kilo moja mwanzoni mwa Aprili. Potasiamu haikuzi jani, inalikomaza, na inasaidia chembe zake zisipoteze maji ovyo.

Kama huna mizani, kata chupa ya maji ya nusu lita kwenye shingo. Ikijaa Urea hubeba gramu 350 hadi 400, basi chupa mbili na nusu na kidogo juu yake ni kilo moja. Changanya na mchanga mkavu ndoo moja, gawa mafungu mawili, moja ulimwage ukitembea mashariki kwenda magharibi, la pili kaskazini kwenda kusini. Majani yawe makavu wakati wa kumwaga, na mvua au mpira ufuate siku hiyo hiyo. Punje ikinata kwenye jani lenye umande, inaliunguza. Mwaga mchana ukiona wingu linajenga, siyo asubuhi.

Udongo mwekundu wa Njombe mara nyingi una tindikali, na utaambiwa uweke chokaa. Ukoka wa Kikuyu huvumilia tindikali kuliko mahindi au maharage, hivyo usiwe na haraka. Septemba au Oktoba chota udongo sehemu 15 tofauti, kina cha sentimita 0 hadi 15, changanya kwenye ndoo ya plastiki, na upeleke nusu kilo kupimwa. Kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Uyole, Mbeya, kinafanya kazi ya udongo kwa ajili ya nyanda zenu. Chokaa ikihitajika iwe ya kilimo, siyo ile ya kupaka ukutani, ambayo huunguza majani. Majivu ya kuni yaliyochekechwa nayo ni chokaa nyepesi yenye potasiamu, gramu 50 hadi 100 kwa mita ya mraba mwezi Oktoba. Iwe majivu, iwe chokaa, yapishane na Urea au DAP wiki tatu hadi nne, kwa kuwa vikikutana juu ya udongo naitrojeni hupaa hewani na unaisikia puani kama harufu ya mkojo.

Kukata

Hapa ndipo ukoka unapotengenezwa au kuharibiwa. Desemba hadi Machi kata kwa sentimita 3 hadi 4, kila baada ya siku 7 mvua zikiwa nzuri, na usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja. Ukisafiri na kurudi ukakuta umefika sentimita 12, shusha hadi 8, ngoja siku nne, shusha hadi 6. Ukikata yote siku moja utabaki na vijiti vya njano, kwa sababu kijani chote kiko juu. Aprili panda hadi sentimita 5. Mara ya mwisho iwe katikati ya Mei, sentimita 6, na baada ya hapo mashine ipumzike.

Namba zilizoandikwa kwenye mashine usiziamini. Iweke kwenye sakafu ya sementi, chomoa waya wa plagi, kisha pima kwa rula kutoka sakafuni hadi makali ya kisu. Kisu butu hakikati, kinachana, na kesho yake ncha za majani zinakuwa nyeupe shamba zima. Kinoe kwa tupa baada ya kila mikato minne au mitano. Kama ni slesha tu unayo, mwenye kuitumia asimame wima na apitishe makali sambamba na ardhi. Wengi huipiga kwa kushuka, na kila pigo linachonga kijishimo cha udongo.

Magugu ya majani mapana kama kishona nguo yang'oe kwa mkono kabla hayajatoa mbegu, na ndago ichimbe pamoja na kiazi chake kwa kisu chembamba. Dawa ya 2,4-D huua majani mapana, lakini mvuke na matone yake hupeperuka, na wewe una mparachichi uani. Kwa eneo la mita za mraba 200 mikono inatosha.

Ule wa Pemba, na wanaosoma wakiwa kwingine

Ukoka wa Pemba ni mzuri sana Dar es Salaam na Tanga. Una jani pana, unapenda joto, unavumilia chumvi na kivuli. Baridi ya Njombe itaufanyia zaidi ya ulichokiona kwa Kikuyu, na hauna marando ya chini ya udongo ya kuchipulia upya. Fundi wako usimlaumu kwa kuupenda, ila usimlipe aulete.

Makete na pembezoni mwa Kitulo, ambako sakitu ni ya usiku mwingi zaidi, rudisha kila kitu nyuma wiki mbili: mkato wa mwisho mwishoni mwa Aprili, naitrojeni ya mwisho mwishoni mwa Februari. Mafinga ni kama Njombe, ila majani ya paina yazolewe kila wiki, yakilala tabaka huzuia mwanga. Mbeya mjini baridi ni nafuu, ukipanda kuelekea Uyole na Uporoto inaongezeka, na udongo wa majivu ya volkano hushika fosforasi isitumike, kwa hiyo DAP iwekwe mferejini karibu na rando, isitapanywe. Tukuyu shida ni maji mengi: chimba mfereji wa kuyatoa kabla ya kufikiria mbolea. Iringa mjini tatizo ni ukame kuliko sakitu, na pale ukoka mwembamba wa kienyeji unawashinda wote kwa kuvumilia.

Jambo la mwisho ni mpaka. Ukoka wa Kikuyu ukishapona Desemba utatembea kuelekea kwenye mboga zako na za jirani. Chimba mfereji wa upana wa beleshi na kina cha sentimita 20 kuzunguka shamba, au fukia kipande cha bati kuukuu wima, sentimita 5 zikibaki juu. Kila wiki mbili kata marando yanayovuka. Usiyatupe kwenye mboji yakiwa mabichi, kifundo kimoja kinatosha kuanzisha shamba jipya. Yaanike juu ya bati juani wiki nzima, mpaka yavunjike kwa mkono, ndipo uyachanganye.